UZI: Una haki na ushahidi unao, na bado mahakama inaweza kukataa kukupa tamko. Tuongelee hiari ya jaji

WakiliKisutu:

Wakuu salaam. Kuna jambo linawagharimu watu wengi, hasa wanaojiandikia hati za madai wenyewe, na hata mawakili wachanga linawapiga chenga. Mtu anaenda mahakamani kuomba tamko, yaani anataka jaji atamke tu kwamba yeye ndiye mwenye haki fulani, au mkataba fulani umeshakufa, au kampuni haidaiwi kitu, na anaamini akishathibitisha basi jaji hana pa kutokea. Si kweli. Deni ukilithibitisha utapewa hukumu ya deni, hasara ukiithibitisha utapewa fidia, ila tamko ni nafuu ya hiari, yaani mahakama inakupa ikiona inafaa, hailazimiki. Jaji anaweza kuwa na mamlaka kamili ya kukusikiliza, hoja yako ikawa imesimama vizuri, na bado akasema hili tamko silitoi, na kisheria akawa yuko sawa kabisa.

Kesi iliyonifungua macho kwenye hili ni ya Marekani, Wilton v. Seven Falls, iliamuliwa na Mahakama ya Juu ya kule tarehe 12 Juni 1995. Naieleza kwa kirefu maana ukishaielewa hii mengine yote yanajipanga yenyewe.

Kulikuwa na kundi la kampuni linaitwa Hill Group, wana mgogoro na watu wengine kuhusu umiliki na uendeshaji wa visima vya mafuta na gesi huko Winkler County, Texas. Walikuwa na bima kwa watoa bima wa London. Mwaka 1992 walivyoona kesi inakuja wakawaambia wenye bima njooni mtutetee, London ikajibu kwa barua, hapana, hatutetei na hatulipi. Kesi ikasikilizwa wiki 3, baraza la wazee wa mahakama likawatia Hill Group hatiani kwenye madai na kuwapiga zaidi ya dola milioni 100. Sasa Hill Group wakawapelekea London ile hukumu, kwamba mzigo ndio huu.

Hapa ndipo ilipo kesi yenyewe. London hawakusubiri kushtakiwa. Tarehe 9 Desemba 1992 wakakimbilia mahakama ya shirikisho wakaomba tamko kwamba bima zao hazihusiki na hilo deni. Wakaongea na wenzao, Januari 22 wakaiondoa kesi, kwa makubaliano kwamba Hill Group wakitaka kushtaki watoe notisi ya wiki 2 kwanza. Hill Group waungwana wakatoa notisi tarehe 23 Februari 1993. Kesho yake tu, tarehe 24, London wakarudi mahakamani na ombi lilelile la tamko. Yaani ile notisi waliyopewa kiungwana wakaigeuza kuwa kengele ya kuanza mbio. Hill Group wakafungua yao mwezi Machi kwenye mahakama ya jimbo, Travis County, kisha wakamwambia jaji wa shirikisho, mheshimiwa tupilia mbali ile ya London au isimamishe.

Jaji akaisimamisha. Sababu zake mbili, kwanza ishu ya bima yote itaamuliwa kule jimboni kwa hiyo hakuna haja ya kesi moja kukatwa vipande kwenye mahakama mbili, na pili hataki kumzawadia mtu anayekimbia ili achague mahakama anayoipenda. London wakapanda hadi juu wakidai mahakama ya shirikisho yenye mamlaka haiwezi kukwepa kazi yake ila pawe na sababu ya kipekee kabisa, na kwa kesi za kudai fidia kweli kanuni ndiyo hiyo, iliwekwa 1976 kwenye kesi ya Colorado River. Jaji O'Connor akaandika uamuzi kwa niaba ya wenzake wote walioshiriki, kwamba kwenye tamko mambo ni tofauti. Sheria yao ya matamko ya mwaka 1934 imeipa mahakama ruhusa ya kutamka haki, haijailazimisha. Msimamo ni uleule wa kesi ya Brillhart ya 1942, kwamba kama shauri lilelile linaweza kumalizwa vizuri kwenye kesi nyingine iliyopo, jaji anaweza kukaa pembeni.

Maoni yangu niyaweke mezani mapema ili tubishane vizuri, hii hiari ni kitu kizuri na tunaihitaji hapa kwetu Tanzania kuliko hata wao, ila kwa sharti moja, jaji aandike sababu. Karibuni.

Tusidanganyane:

Mkuu uzi mzuri ila mimi sikubaliani. Mahakama tunailipia kodi ili iamue, halafu unaniambia jaji ana mamlaka, mimi nina haki, ushahidi upo, na yeye anaweza kusema sijisikii? Kwa nchi kama yetu hii unajua kabisa ni nani atanyimwa tamko na ni nani atapewa. Mtu mdogo akienda dhidi ya serikali ataambiwa "hiari".

WakiliKisutu:

Hofu yako naielewa na wala siidharau. Lakini hiari ya mahakama na jaji kujisikia ni vitu viwili. Hiari inatumika kwa misingi na inapimwa kwenye rufaa. Afrika Mashariki tuna kesi ya siku nyingi, Mbogo v Shah ya 1968, iliyoamuliwa na ile Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ya pamoja, mpaka leo majaji wa Kenya, Tanzania na Uganda wanairejea. Inasema mahakama ya juu haitaingilia hiari ya jaji wa chini mpaka ionekane alijipotosha kwenye sheria au mambo aliyoyazingatia na hivyo akafika kubaya, au aliamua kwa namna ambayo kwa ujumla wake ni kosa la wazi na imeleta dhuluma. Hapo ndipo linapoingia sharti langu la sababu. Jaji asipoandika sababu, utampimaje kwenye rufaa? Utasema alizingatia nini? Kwa hiyo jaji anayekataa tamko kwa mistari miwili amekunyima vitu viwili kwa mpigo, tamko lenyewe na rufaa yako. Mimi nikiona uamuzi wa hivyo nakata rufaa hata kama nadhani matokeo yenyewe yalikuwa sahihi.

BintiWaMtera:

Asante sana kaka. Naomba kuuliza, sasa hiyo misingi ni ipi? Maana chuoni tulifundishwa kwa haraka haraka tukapita.

WakiliKisutu:

Dada angu, kwa sisi tuliorithi sheria za Waingereza mahali pa kuanzia ni kesi ya benki ya Urusi ya 1921, Russian Commercial and Industrial Bank v British Bank for Foreign Trade. Lord Dunedin aliweka mambo matatu. Swali liwe la kweli na si la nadharia, anayeuliza awe na maslahi ya kweli kwenye jibu, na awepo mtu upande wa pili mwenye sababu ya kweli ya kupinga. Hilo la tatu watu wengi wanalisahau. Unakuta mtu amemshtaki mtu ambaye hana habari naye kabisa, mdaiwa anakuja mahakamani anasema mimi sina shida mpeni tu anachotaka, na mdai anashangilia, kumbe hapo ndipo tamko lake linaingia hatarini, kwa sababu jaji anajiuliza nalitoa dhidi ya nani? Ambaye ana ubishi wa kweli hajaletwa, na tamko halitamfunga.

Baada ya hayo matatu ndipo yanakuja mengine ya busara. Je tamko litamaliza ugomvi au litazaa kesi nyingine? Je ipo njia nyingine iliyowekwa na sheria ambayo mdai ameiruka? Je mdai amechelewa mpaka mambo yameshapita? Je anakuja na mikono misafi au ndo kama wale wa London, anatumia ustaarabu wa mwenzake kumuwahi?

MkaziWaPosta:

Mimi nipo kwenye sekta ya bima, acha niwatetee kidogo maana hapa tunaonekana matapeli. Kampuni ya bima ikikaa kimya ikisubiri kushtakiwa inaweza ikakaa miaka, wakati huo huku inatakiwa kuweka akiba ya fedha kwa dai ambalo inaamini halipo. Mteja anaweza kukutishia kwa barua kila mwezi na hafungui kesi. Kuomba mahakama iseme mapema kama bima inahusika ama haihusiki ni matumizi halali kabisa ya tamko, ndo maana lilibuniwa.

WakiliKisutu:

Mkuu uko sahihi na sipingi. Kesi ya kwanza kubwa kabisa chini ya ile sheria ya Marekani ilikuwa ya bima hivyohivyo, Aetna v. Haworth ya 1937. Mteja anadai kapata ulemavu na bima zake bado ziko hai bila kulipa ada, kampuni inasema zimeshakufa, na mteja hakufungua kesi. Mahakama ya Juu ikasema huo ni ugomvi wa kweli kabisa, kampuni ina haki ya kusikilizwa. Kwa hiyo mwenye bima kuanza siyo dhambi. Hali inabadilika pale ambapo mwenzako yuko njiani kufungua kesi kamili, umeshaambiwa kwa maandishi, na unachofanya ni kumtangulia ili uchague uwanja. Kwa Haworth hakukuwa na kesi nyingine yoyote, kwa Wilton kesi nyingine ilikuwa mlangoni na ingemaliza kila kitu.

Na hapa ndipo nasema sisi tunaihitaji hii hiari kuliko wao, mnisome vizuri. Sheria yetu ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, kifungu cha 8, inasema mahakama isiendelee kusikiliza shauri kama jambo hilohilo liko kwenye shauri lililofunguliwa kabla kati ya watu haohao. Kenya wanacho kifungu cha 6 chenye maneno karibu sawa. Kinamsimamisha aliyekuja wa pili. Sasa fikiria mbio za London zingefanyika hapa Dar. Hill Group wametoa notisi kiungwana, London kesho yake wakafungua kesi ya tamko, mwezi unaofuata Hill Group wakaleta kesi ya kudai malipo yao. Kwa kifungu hicho kesi ya Hill Group, yenye madai halisi, ndiyo inayokaa benchi, na ya mkimbiaji ndiyo inayoendelea! Kitu pekee kinachoweza kumrudisha mkimbiaji nyuma ni jaji kutumia hiari yake kwenye ile kesi ya kwanza, aseme tamko hili halina kazi, anayedai malipo yuko hapa, tumsikilize yeye. Bila hiari hiyo tunakuwa na sheria inayozawadia mbio.

MkaziWaPosta:

Duh, hilo la kifungu cha 8 sikuwahi kuliangalia kwa jicho hilo. Nimekuelewa.

DodomaMjini:

Wakuu kwa mada hii huwezi kuacha kesi ya Mchungaji Mtikila ya mgombea binafsi, yaani mtu kugombea uongozi bila kupitia chama. Mahakama Kuu kule Dodoma, Jaji Lugakingira mwaka 1994 alimpa haki hiyo. Bunge likabadilisha Katiba kumfungia. Akarudi tena, Mahakama Kuu ikampa tena mwaka 2006, serikali ikakata rufaa, na Juni 2010 majaji 7 wa Mahakama ya Rufani wakasema hili ni la kisiasa, liende Bungeni. Huo si ndo mfano wa mahakama kukataa kutoa tamko? Na mnaona ilivyoumiza watu?

WakiliKisutu:

Iliumiza na mimi pia iliniuma, ila tuitenge. Pale Mahakama ya Rufani ilisema haina mamlaka ya kufuta ibara ya Katiba yenyewe, kwamba kubadili Katiba ni kazi ya Bunge. Huko ni kukosa uwezo, siyo hiari. Mwenye hiari anasema naweza ila sitafanya, na sababu zangu ni hizi. Asiye na mamlaka anasema siwezi. Tofauti hii siyo ya kitaaluma tu, ina matokeo. Hiari unaweza kurudi kesho mambo yakiwa yameiva, ukaleta mdaiwa sahihi, ukaomba nafuu kamili, na jaji mwingine akakupa. Mamlaka yakikosekana yamekosekana hata urudi mara kumi. Mtikila alilazimika kutoka nje ya mfumo wa ndani akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha, na tarehe 14 Juni 2013 ikasema Tanzania imevunja haki zake.

Nachokubaliana na wewe ni kwamba mahakama ikitumia maneno ya "hili waachieni wanasiasa" mwananchi wa kawaida hawezi kujua ameambiwa siwezi au sitaki. Jaji anatakiwa aseme wazi ni kipi kati ya hivyo viwili.

Tusidanganyane:

Hapo sasa tumeanza kuelewana. Yaani shida yangu siyo hiari, shida yangu ni hiari iliyojificha nyuma ya maneno makubwa.

BintiWaMtera:

Na kesi ya Rebeca Gyumi ya umri wa ndoa je? Ile mahakama ilitamka kabisa.

DodomaMjini:

Ile ni tofauti kidogo dada. Mahakama Kuu Julai 2016 ilisema vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vinavyoruhusu binti kuolewa chini ya miaka 18, vinapingana na Katiba, lakini haikuvifuta papo hapo, ilimpa Mwanasheria Mkuu mwaka mmoja arekebishe. Serikali ikakata rufaa na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa.

WakiliKisutu:

Na huo mwaka mmoja haukutoka hewani. Ibara ya 30(5) ya Katiba yetu inaipa Mahakama Kuu uwezo, ikiona inafaa au maslahi ya jamii yanahitaji, badala ya kutamka sheria ni batili, kuipa serikali au mamlaka nyingine nafasi ya kurekebisha kasoro kwa muda na kwa namna itakayosema mahakama, na sheria hiyo inaendelea kuhesabika halali mpaka irekebishwe au muda upite. Yaani hiari ya kutokutamka kwetu imeandikwa ndani ya Katiba kabisa! Watu wengi wanajua ibara ya 30(3) inayowapa haki ya kufungua shauri, hawateremki mpaka chini wakaona kwamba hata ukishinda jaji anaweza kuizuia ile nguvu ya kufuta.

Ubaya wa hiari ya namna hii ni kwamba mzigo wa kusubiri anaubeba yule aliyeshinda. Kwenye ndoa za utotoni, kila mwezi wa kusubiri kuna binti wa miaka 15 anaolewa chini ya kifungu ambacho mahakama imeshasema hakiendani na Katiba. Kwa hiyo hapa msimamo wangu ni mkali zaidi, jaji akitoa muda ni lazima aseme muda ukipita nini kinatokea, siyo aache hewani tubaki tunabishana humu.

Kuna lingine pia la kuangalia. Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu Muhimu ya 1994, kifungu cha 8(2), inaiambia Mahakama Kuu isitumie uwezo wake kama inaridhika kwamba kuna njia nyingine ya kutosha ya kupata nafuu chini ya sheria nyingine, au ombi ni la kipuuzi au la kusumbua tu. Mashauri mengi ya haki za msingi yanakufa hapo hata kabla ya hoja yenyewe kuguswa. Ukiandaa ombi lako jibu kabisa hilo swali kwenye kiapo, eleza njia nyingine ni zipi na kwa nini hazitoshi. Usisubiri wakili wa serikali akuinulie pingamizi.

MwanaMvita:

Salaam kutoka Mombasa. Huku kwetu Kenya ndugu zangu mlango uko wazi zaidi. Kanuni zetu za mashauri ya madai za 2010, Order ya 3 kanuni ya 9, zasema kesi isipingwe kwa sababu tu yaomba tamko peke yake, na mahakama yaweza kutoa tamko lenye kufunga hata kama hakuna nafuu nyingine iliyoombwa. Maneno hayo yametoka kwa Waingereza, kanuni yao ya 1883. Na Katiba ya 2010 ibara ya 23 yataja tamko la haki kama nafuu ya kwanza kwenye orodha. Lakini hata huku mahakama hukataa.

Mfano mzuri ni ile ya tarehe ya uchaguzi. Mwaka 2011 nchi nzima yabishana, uchaguzi wa kwanza chini ya Katiba mpya ni Agosti 2012 au lini? Tume ya uchaguzi ya wakati ule, IIEC, ikaenda Mahakama ya Juu kuomba ushauri. Kumbe High Court tayari zipo kesi za swali hilohilo. Mahakama ya Juu ikakaa pembeni, ikasema zile za High Court zisikizwe kwa haraka. Tarehe 13 Januari 2012 majaji watatu, Lenaola, Mumbi Ngugi na Majanja, wakatoa hukumu kwamba uchaguzi utakuwa ndani ya siku 60 baada ya muhula wa Bunge kuisha Januari 2013, ama mapema zaidi Rais na Waziri Mkuu wakikubaliana kwa maandishi kuvunja serikali ya muungano. Tukapiga kura tarehe 4 Machi 2013. Hukumu hiyohiyo mawakili wa huku huitaja sana kwa jambo jingine, kwamba mahakama haifai kujishughulisha na maswali ya kudhania na ya kinadharia.

Sasa ona, Mahakama ya Juu ilikataa kusema lakini nchi haikukosa jibu. Jibu lilipatikana mahali palipo na wahusika wote na ubishi wa kweli.

WakiliKisutu:

Ahsante sana ndugu yangu wa Mvita, huu mfano umekaa sawasawa na Wilton, mahakama mbili na swali moja, moja inasogea ili nyingine imalize. Na nimependa ulivyosema nchi haikukosa jibu. Hicho ndicho kipimo changu, kabla ya jaji kukataa tamko ajiulize, huyu mtu nikimfungia mlango huu, jibu lake atalipata wapi? Kama hakuna kwingine, asikatae.

Halafu kuna kitu kidogo kwenye Wilton kiko kwenye tanbihi na ni cha maana kuliko kurasa nyingi za juu. Mahakama ilisema pale sababu ya kukaa pembeni ikiwa ni kesi nyingine inayoendelea, mara nyingi ni bora kuisimamisha kesi ya tamko kuliko kuifuta. Kwa nini? Kwa sababu ile nyingine inaweza ikafa njiani bila kuamua kitu, na huyu aliyefutiwa akirudi anakuta muda umemtupa mkono. Kwetu ukomo wa madai ya mkataba ni miaka 6 na ardhi ni miaka 12, na saa haisimami eti kwa sababu jaji alikuambia subiri. Kwa hiyo ukiona jaji anaelekea kukataa, ombi lako la akiba liwe hilo, mheshimiwa isimamishe, usiifute.

BwanaShamba:

Wakili naomba nisaidie na mimi sio msomi wa sheria. Nina shamba la urithi, baba alitugawia kwa karatasi ya ukoo na mashahidi. Binamu yangu kila kwenye vikao vya ukoo anasema lile shamba si langu, ila hajawahi kulilima wala kuweka mpaka. Ninataka niende Baraza la Ardhi wanitamkie mimi ndiye mmiliki, roho itulie. Nimesoma uzi wote nimeogopa sasa.

WakiliKisutu:

Mzee wangu usiogope, ila tusikimbilie kufungua kesi. Maneno ya kwenye kikao peke yake ni ushahidi mwembamba sana wa ugomvi. Baraza linaweza kukuuliza huyu binamu kakufanyia nini mpaka tutamke? Ameingia? Amekata miti? Ameuza kipande? Akijibu pale mbele kwamba mimi nilikuwa naongea tu, shauri lako linabaki halina miguu, na gharama unaweza ukazilipa wewe.

Mwandikie barua, au mwambie mwenyekiti wa kijiji amuite, aseme kwa maandishi anadai nini na kwa msingi gani. Akisema hadai, hiyo karatasi inakutosha kwa sasa, itunze na ile ya ukoo. Akisema anadai, sasa una ubishi wa kweli, una mtu wa kumshtaki na barua mkononi. Hapo mtapita Baraza la Kata kwanza kwa usuluhishi, maana tangu mabadiliko ya 2021 wao hawaamui tena, wanasuluhisha tu, halafu ndo mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

BwanaShamba:

Nashukuru sana mwanangu. Na kama akija akaingia kabisa akalima?

WakiliKisutu:

Akiingia usiombe tamko peke yake. Hili ni kosa naliona kila mara kwenye hati za ardhi, mtu yuko nje ya shamba, mwenzake yuko ndani analima, na hati ina ombi moja tu, tamko kwamba mdai ni mmiliki halali. Anapewa, anafurahi, anarudi kijijini na hukumu yake, na yule yuko palepale analima, maana hukumu haikumuamuru mtu yeyote atoke. Anaanza kesi nyingine. Kule India sheria yao ya nafuu mahsusi ya 1963, kifungu cha 34, inakataza kabisa mahakama kutoa tamko kama mdai angeweza kuomba nafuu zaidi na hakuomba, na ukitazama sababu ni hiyohiyo, tamko lisilomaliza ugomvi ni kupoteza muda wa kila mtu.

Kwa hiyo hati yako iseme hivi: tamko kwamba wewe ni mmiliki halali, amri ya mdaiwa kuondoka na kukurudishia shamba, zuio la kudumu yeye na mawakala wake wasiingie tena, fidia ya mazao aliyoharibu kama ipo, na gharama. Na mipaka uieleze vizuri, kaskazini unapakana na nani, kusini na nani, ukubwa wa eneo, lipo kitongoji gani. Wengi wanaandika "shamba lililopo kijijini" basi, kisha wanashangaa hukumu haitekelezeki.

BintiWaMtera:

Kaka swali la mwisho. Ukinyimwa tamko kwa hiari, ukifungua upya utaambiwa shauri lilishaamuliwa?

WakiliKisutu:

Inategemea jaji alikataa kwa nini, na ndo maana napiga sana kelele za sababu. Kama alisema swali halijaiva au mhusika hayupo, hajaamua haki yenu, kwa hiyo likiiva unarudi. Kama alikwenda mpaka kwenye kiini akasema huna haki unayodai halafu ndipo akakataa tamko, hapo kiini kimeshaamuliwa na njia yako ni rufaa, siyo kesi mpya. Chukua nakala ya hukumu na mwenendo mapema, usisubiri, siku za rufaa zinahesabika.